Donald Maclean: Ulevi uliosamehewa bila maswali

Je, mtu aliyewahi kusumbuliwa na pombe anaweza kuaminiwa siri za serikali? Swali hili huibuka kila mara upekuzi unapofanywa kwa ajili ya kazi nyeti. Katika makala hii tunalitazama kupitia maisha ya Donald Maclean, mwanadiplomasia wa Uingereza aliyekuwa jasusi wa Umoja wa Kisovieti.

Maclean alizaliwa London tarehe 25 Mei 1913. Baba yake alikuwa mwanasiasa wa chama cha Liberal aliyefikia cheo cha waziri. Akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Cambridge, kijana huyo alivutiwa na ukomunisti, na mwaka 1934 akasajiliwa na majasusi wa Kisovieti. Mwaka uliofuata aliingia Wizara ya Mambo ya Nje. Enzi hizo upekuzi kama tunaoujua leo haukuwapo. Familia yenye jina, chuo kinachoheshimika na usaili mzuri vilitosha.

Siri na chupa

Kuanzia 1944 hadi 1948 alifanya kazi katika ubalozi wa Uingereza mjini Washington, ambako alishughulikia pia masuala ya atomiki kati ya Uingereza, Marekani na Canada. Siri alizozipata alizipeleka Moscow. Kuishi maisha mawili kulimlemea, na alipohamishiwa Cairo mwaka 1948 unywaji wake ulipita kiasi. Mei 1950 yeye na rafiki yake, wakiwa wamelewa, waliingia katika nyumba ya wafanyakazi wawili wa ubalozi wa Marekani mjini humo na kuharibu vitu vilivyokuwamo.

Wizara ilimrudisha London na kumpa likizo ya matibabu. Miezi michache baadaye, Novemba 1950, aliteuliwa kuwa mkuu wa idara iliyoshughulikia Marekani. Wakubwa wake walimwona kama ofisa hodari aliyechoshwa na kazi. Kumpa mgonjwa nafasi ya kupona halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kumrudisha kwenye siri bila kuchunguza kilichomsukuma kulewa.

Wakati huo wataalamu wa Marekani na Uingereza walikuwa wakifumbua telegramu za siri za Kisovieti za miaka ya vita. Telegramu hizo zilimtaja jasusi kwa jina la bandia, Homer, na mwaka 1951 ikabainika kuwa ndiye Maclean. Kabla hajahojiwa, Ijumaa tarehe 25 Mei, siku alipotimiza miaka 38, alitoroka na mwenzake Guy Burgess kwa meli kutoka Southampton hadi Saint-Malo, Ufaransa. Februari 1956 wawili hao walijitokeza hadharani Moscow.

Upekuzi wabadilika

Uingereza ilianzisha upekuzi wa kina, ambao humhoji mhusika mwenyewe na watu wanaomfahamu. Mwaka 1956 serikali ilitangaza kwamba tabia kama ulevi zitaangaliwa katika kupima uaminifu wa mtumishi.

Hata hivyo, ulevi wa zamani si hukumu ya maisha. Kwa mfano, mwongozo wa Marekani ulioanza kutumika mwaka 2017 una kipengele maalumu kuhusu pombe. Wapekuzi hutazama muda uliopita, kama mtu anakiri tatizo lake, kama amekamilisha matibabu, na kama ameacha au amebadili unywaji wake. Ushahidi wa kupona humsaidia mwombaji. Kudanganya kwenye fomu humponza, kwani huko ni kosa lingine la uaminifu.

Maclean alifariki Moscow tarehe 6 Machi 1983. Mabosi wake wa London walimpeleka kwa daktari na kumsubiri apone. Lakini hata baada ya fujo za Cairo, hakuna aliyemkalisha chini kumuuliza ni mzigo gani aliokuwa akiukimbia.