Mekatilili wa Menza: Mjane aliyewanyima Waingereza vijana wa Giriama

MSAFIRI anayetoka Webuye kuelekea Kitale hupita Kiminini, katikati ya mashamba ya mahindi yanayosifika kote nchini. Sehemu kubwa ya ardhi ya Trans Nzoia iligawiwa walowezi, wakiwamo maafisa na askari wa Kiingereza waliotoka kupigana katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1919 mashamba ya askari hao yaligawanywa kwa bahati nasibu iliyochezwa mjini Nairobi.

Waafrika waliowabebea wanajeshi hao risasi na unga hadi katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani hawakuwa na tikiti katika bahati nasibu hiyo. Makumi ya maelfu yao hawakurudi makwao. Wengi waliuawa na njaa, kuhara na malaria kuliko risasi ya adui.

Kabla ya mzinga wa kwanza wa vita hivyo kulia, mwanamke mmoja wa pwani alikuwa amekwisha kuhoji ni nani aliyeipa serikali ruhusa ya kuchukua watoto wa watu. Wakati huo, mwaka 1913, kilichodaiwa kilikuwa kodi na vibarua. Mwaka uliofuata wakadaiwa wapagazi wa vita.

Alizaliwa katika karne ya 19 katika bara ya Kilifi, akaitwa Mnyazi wa Menza. Jina Mekatilili, yaani mama yake Katilili, alilipata baada ya kujaliwa mtoto. Masimulizi ya Wagiriama yanasema kwamba angali msichana alishuhudia nduguye wa kiume akinyakuliwa na wafanyabiashara wa watumwa, asionekane tena. Kama ndivyo, basi mtu aliyekuja baadaye kuomba vijana wa kwenda kufanya kazi mbali hakuwa mgeni machoni pake.

Mashauri ya Wagiriama yalikatwa na wazee wa kaya, wote wanaume. Mwanamke alisemewa na babake, na akiolewa, na mumewe. Mekatilili alipojitokeza hadharani alikuwa mjane mwenye umri mkubwa, na mjane wa umri huo aliweza kutembea na kunena pasipo kuomba idhini ya mume. Uhuru wenyewe ulikuwa finyu, tena uliletwa na msiba, lakini aliutumia wote.

Mwaka 1912 serikali ilimtuma Arthur Champion kuwasimamia Wagiriama. Kazi yake ilikuwa kukusanya kodi ya nyumba na kupata vijana wa kufanya kazi katika mashamba makubwa ya pwani. Wagiriama walikuwa wakulima waliouza nafaka yao wenyewe. Hawakuona sababu ya kumlimia mtu mwingine kwa ujira mdogo, huku mashamba yao yakibaki mikononi mwa wanawake na wazee.

Mekatilili akaanza kuzunguka kijiji hadi kijiji. Alicheza kifudu, ngoma ambayo kwa desturi ni ya matanga, na watu wakamfuata. Wageni hawakuelewa maana ya kupiga ngoma ya maiti mahali pasipo maiti. Wagiriama walielewa.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha mkutano wa Agosti 1913. Inasemekana alimletea Champion kuku mwenye vifaranga na kumtaka ajaribu kuchukua kimoja. Kuku alimdonoa, na Mekatilili akaueleza umati kwamba ndivyo watakavyofanya wanawake iwapo wana wao watachukuliwa. Kila msimulizi huongeza chumvi yake, na wengine husema Champion alimpiga risasi kuku yule. Lakini kiini cha kisa hakibadiliki: aliyetakiwa kuulizwa kabla ya kijana kupelekwa ni mama yake, mtu ambaye katika baraza hakuwa na kiti.

Pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, aliwaita watu Kaya Fungo wakale kiapo. Wanawake walikula kile kiitwacho mukushekushe, wanaume wakala cha fisi, na wote wakajifunga kutotoa kodi wala vijana. Serikali ikakosa vibarua, na wazee iliowateua kuwa vibaraka wake wakabaki bila wafuasi.

Hapa mwenye kumsifu hana budi kusita kidogo. Kiapo hicho kilimtishia kifo mwenye kukivunja, na yamkini wapo waliokula kwa hofu tu. Mekatilili alipinga shuruti kwa kutumia shuruti nyingine. Alilokuwa nalo la kujitetea ni kwamba kiapo kiliwabakisha vijana nyumbani, na amri ya serikali iliwaondoa.

Machoni pa maafisa alikuwa mchawi na mchochezi. Mnamo Oktoba 1913 alikamatwa pamoja na Wanje, wakahamishwa hadi Kisii, upande wa pili wa nchi. Januari 1914 walitoroka wakarudi pwani kwa miguu. Ni safari ya mamia ya kilomita, kupitia kwa watu ambao lugha zao hawakuzijua, na mmoja wa wasafiri alikuwa bibi kizee.

Mapema Agosti 1914, siku zile zile Uingereza ilipoingia vitani dhidi ya Ujerumani, wakoloni walilipua Kaya Fungo kwa baruti. Vita vya Wagiriama vikazuka. Askari wa King's African Rifles, ambao wenyewe walikuwa Waafrika, walichoma vijiji na kutwaa mifugo, na Wagiriama wapatao 150 wakauawa kwa mishale yao mikononi. Mekatilili hakuyaongoza mapigano hayo. Alikuwa amekamatwa tena mwezi huo huo na kupelekwa Kismayu.

Masharti ya amani yanaonyesha serikali ilichokuwa ikitafuta tangu mwanzo. Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000, wakaamriwa kuihama nchi iliyo kaskazini ya mto Sabaki, na wakatakiwa kutoa wanaume 1,000 kuwa wapagazi wa vita. Walichokataa kutoa kwa hiari mwaka 1913 sasa kilidaiwa kama adhabu. Mtu anaweza kusema kwamba Mekatilili alishindwa. Hata hivyo, ingekuwa vigumu kwa serikali kudai baada ya hapo kwamba vijana hao walikwenda wenyewe.

Mwaka 1919 alirejea nyumbani. Wakoloni walikuwa wamegundua kwamba wazee waliowateua hawasikilizwi na yeyote, wakaruhusu kaya ifunguliwe tena. Wanje aliwekwa kuwa mkuu wa baraza la wanaume, naye Mekatilili akaongoza baraza la wanawake. Yule aliyeitwa mchawi alitakiwa sasa asaidie kuleta utulivu.

Alifariki katika miaka ya 1920. Sanamu yake ilizinduliwa mjini Malindi mwaka 2010, na bustani iliyo hapo ikapewa jina lake. Kaburi lake liko mbali na mji, Bungale katika Magarini, kaskazini ya mto Sabaki, katika nchi ile ambayo Wagiriama waliamriwa waihame.