Alipanda, Hakuona Mavuno

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani, alifika Mombasa mwaka wa 1844. Kabla mwaka kuisha, homa ikamchukua mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Akawazika, akabaki. Akaanza kazi kule Rabai, na 1849 akaja huku kwetu Ukambani. Injili ya Marko kwa Kikamba ikachapishwa 1850, wakati hakukuwa na kanisa hata moja huku la kuisoma. 1851 akarudi aanzishe kituo. Mwenyeji wake, Chifu Kivoi, akauawa na majambazi safarini, naye Krapf akaponea porini kwa njaa na kiu. 1853 afya ikakataa, akarudi kwao.

Mhasibu angeandika hasara na kufunga faili. Krapf hakufunga. Akiwa Ujerumani aliendelea na kamusi yake ya Kiswahili mpaka 1881, alipofariki akiwa amepiga magoti akiomba. Kamusi ilitoka mwaka uliofuata.

Leo hesabu makanisa kutoka hapa Machakos hadi Kitui. Ndugu, dada, umemwombea kijana wako miaka mitatu na unataka kuacha? Subira si kukaa tu ukingoja. Ni kupanda hata mvua ikichelewa. Endelea kupanda.