Maurice Wilks na Gari Lililochorwa Mchangani

Hapa mwambao ni nadra kumpata mtu mzima asiyeijua Land Rover kuukuu. Ndiyo iliyowachukua polisi, mabwana shamba na mabwana nyama. Ndiyo iliyopita njia ya Garsen kwenda Witu wakati wa masika, zamani kabla ya lami, wakati magari mengine yalikwama hadi jua lirudi. Wako walioipenda kwa sababu iliwapeleka wagonjwa wao hospitali, na wako walioikimbia, maana zama za mkoloni kuiona kijijini mara nyingi ilikuwa ni kuona askari. Lakini ukiuliza ni nani aliyelibuni gari hilo, wachache watakujibu. Bwana huyo aliitwa Maurice Wilks, na nia yangu leo ni kumwelezea, kwani kwa miaka mingi nimekuwa nikiifungua na kuifunga Land Rover yangu ya mwaka 1962, na kila bolti ninayoilegeza naona fikira zake.

Wilks alizaliwa tarehe 19 Agosti 1904 katika kisiwa cha Hayling, kusini mwa Uingereza. Mwaka 1922 alianza kazi katika kampuni ya magari ya Hillman, na mwaka 1926 akavuka bahari hadi Marekani, akafanya kazi General Motors kwa miaka miwili kabla ya kurejea kwao. Kaka yake, Spencer, aliyemzidi kwa miaka 13, alikuwa amekwisha kuingia katika kampuni ya Rover, ambayo wakati huo ilikuwa taabani kwa hasara. Mwaka 1930 Maurice akamfuata. Ikawa mkubwa anashika mambo ya fedha na uongozi, na mdogo anashika ufundi. Kwa tabia Maurice alikuwa mtu mpole, asiyependa kujitangaza, na Rover ikapata sifa ya kutengeneza magari ya kifahari, yaliyonunuliwa na madaktari na mawakili.

Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia. Kiwanda chao cha Coventry kilipigwa mabomu mwaka 1940. Rover walikuwa wamepewa kazi ya siri ya kuunda injini ya ndege ya aina mpya iliyobuniwa na Frank Whittle, lakini masikizano baina ya Whittle na Rover hayakuwa mazuri, na mwaka 1943 kazi hiyo ikahamia kwa Rolls-Royce. Vita vilipokwisha, Rover walijikuta wana kiwanda kikubwa huko Solihull lakini hawana cha kutosha kukijaza. Serikali ya Uingereza iligawa chuma kwa kipimo, na aliyepata fungu kubwa ni yule aliyeuza bidhaa ng'ambo. Magari ya kifahari ya Rover hayakuwa na soko la namna hiyo.

Wilks alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, huko Wales. Humo alitumia Jeep ya Kimarekani iliyobaki vitani, akivutia magogo na kupita penye matope na michanga. Jeep ile ilikuwa imechakaa, na spea zilikuwa taabu kupatikana. Inasimuliwa kwamba kaka yake alimuuliza atafanyaje siku itakapokufa kabisa, naye akajibu kuwa itambidi anunue Jeep nyingine, kwa kuwa hapakuwa na gari jingine la kufanya kazi ile. Jibu hilo likawakaa moyoni wote wawili. Mwaka 1947, wakiwa ufuoni Red Wharf Bay, Maurice akachora mchangani sura ya gari alilolitaka.

Gari la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya chesisi ya Jeep, yaani ule mgongo wa chuma unaobeba gari zima, na usukani wake uliwekwa katikati, ili lifae nchi zinazoendesha kushoto na zinazoendesha kulia. Fikira hiyo ya usukani wa katikati iliachwa baadaye. Lakini angalia, msomaji, jinsi uhaba ulivyomwongoza fundi huyu. Chuma kilikuwa haba, basi bodi ikafanywa kwa bati la aluminiamu. Mashine kubwa za kukunjia bati zilikuwa ghali, basi bodi ikawa bapa, yenye kona zilizonyooka. Chesisi nayo ikaundwa kwa vipande vya chuma bapa vilivyolehemiwa kuwa sanduku. Injini, ya lita 1.6, ilitolewa katika gari dogo la Rover lililokuwepo tayari. Hata ile rangi ya kijani ya mwanzo inasemekana ilikuwa masalio ya rangi za ndege za kivita.

Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari mjini Amsterdam. Bei yake ilikuwa pauni 450, na mteja aliyetaka milango alilipa zaidi. Wakuu wa Rover walidhani wataliunda kwa miaka miwili mitatu tu, hadi hali itengemae na warudie kazi yao ya zamani. Haikuwa hivyo. Wakulima, majeshi na serikali za nchi mbalimbali waliligombania, na kabla ya muda mrefu lilikuwa likiuzwa zaidi kuliko magari mengine yote ya Rover. Mwaka 1959 ilitoka kiwandani Land Rover ya 250,000.

Sasa niseme ninayoyaona mimi gerejini. Bodi ya Land Rover imefungwa kwa bolti, na kipande kimoja kikipondeka hutolewa peke yake, kingine kikatiwa. Mtu na jamaa yake, wakiwa na spana chache na subira, wanaweza kulivua gari zima likabaki mifupa. Sidhani hiyo ni bahati tu. Aliyelichora alikuwa na shamba mbali na mji, tena alikwisha kuonja taabu ya gari lisilo na spea. Alimfikiria mtu atakayeharibikiwa mahali pasipokuwa na fundi, kwa sababu mtu huyo angeweza kuwa yeye mwenyewe.

Hata hivyo kuna jambo ambalo bahari yetu inalifichua. Aluminiamu haili kutu kama chuma, kwa hiyo Land Rover ya Mombasa au ya Malindi huonekana kijana kwa juu huku chini inaoza. Upepo wa chumvi huingia ndani ya chesisi na kuila kimya kimya, na pale ambapo bati la aluminiamu linagusana na chuma hutokea unga mweupe, na bati huanza kumomonyoka. Anayetaka kununua gari la namna hii asivutiwe na rangi. Achukue nyundo ndogo, alale chini, agonge boriti ya nyuma, vikono vinavyobeba bodi, na mahali springi zinaposhikia. Chuma kizima hulia kama kengele, na kilichooza hutoa sauti ya kopo lililojaa mchanga.

Yangu niliigonga hivyo, ikanijibu vibaya. Ndugu zangu wakanishauri niipeleke kwa wanunuzi wa chuma chakavu, nilipwe kwa kilo, tugawane. Ushauri wao haukuwa wa kipumbavu, kwani chesisi nyingine ni fedha nyingi, na nyumbani kuna karo na matumizi. Jirani yangu mmoja mzee akaongeza neno zito zaidi, kwamba nikiibadili chesisi haitakuwa tena gari lile lile la marehemu baba. Nikamwambia atazame majahazi ya Bandari ya Kale. Jahazi hupwelezwa, likatolewa mbao zilizooza, likatiwa mpya na kukalafatiwa, na mwaka baada ya mwaka linazidi kuitwa kwa jina lake. Nilibadili chesisi, kidogo kidogo, kwa muda wa miezi 14. Bodi ni ile ile, na michubuko yake sikuifuta.

Wilks hakuishi kuona uzee wa gari lake. Mwaka 1960 alikuwa mkurugenzi mkuu wa Rover na mwaka 1962 akawa mwenyekiti. Tarehe 8 Septemba 1963 alifariki huko Anglesey, kisiwa kile kile chenye shamba lake, akiwa na umri wa miaka 59. Gari lililokusudiwa kuziba pengo la miaka michache liliendelea kuundwa Solihull, katika sura ambayo yeye mwenyewe angeitambua, hadi tarehe 29 Januari 2016, zikiwa zimepita milioni 2.

Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba moja ya zile Land Rover zilizoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948 imepatikana katika bustani ya nyumba, si mbali na Solihull, baada ya kukaa miaka mingi ikinyeshewa. Watengenezaji wake waliamua kuifufua huku wakiihifadhi rangi yake iliyochakaa. Wao wana kiwanda na fedha. Sisi wa mwambao tuna nyundo, maji baridi ya kuoshea chumvi, na oili chafu ya kupaka ndani ya chesisi kila mwaka kabla ya kusi kuanza. Mwenye Land Rover kuukuu uani mwake, aigonge kwanza, ajue hali yake, ndipo aamue kuiuza au kuikalafati.