John McCarthy: Gwiji aliyetaka kompyuta ijibu papo hapo

JANUARI 1959, mtaalamu wa hisabati John McCarthy alimwandikia waraka mkuu wa kituo cha kompyuta cha Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts (MIT), nchini Marekani. Alipendekeza watu wengi watumie mashine moja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa na kifaa chake cha kuchapia, aulize na kujibiwa hapo hapo.

Enzi hizo programu zilitobolewa kwenye kadi, zikakabidhiwa kwa waendesha mitambo na kungoja zamu. Aliyekosea herufi moja alilijua kosa lake baada ya saa nyingi, pengine kesho yake. Ni sawa na mkazi wa Itigi, mkoani Singida, kutuma barua Dar es Salaam kwa treni ya Reli ya Kati, akangoja siku kadhaa, kisha akajibiwa tu kwamba anwani imekosewa.

McCarthy alizaliwa Boston Septemba 4, 1927. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Ireland na mama yake alitoka Lithuania. Akiwa kijana alijifundisha hisabati ya chuo kikuu kwa vitabu, na alipata shahada ya uzamivu Princeton mwaka 1951.

Wengi humkumbuka kwa jina la akili bandia, ambayo leo huitwa pia akili mnemba. Yeye na wenzake watatu walilitumia katika andiko la 1955 lililozaa mkutano wa Dartmouth mwaka uliofuata. Lakini kazi iliyogusa zaidi meza ya mwandishi wa programu ni lugha ya Lisp, aliyoanza kuiunda MIT mwaka 1958.

Katika kuieleza Lisp, McCarthy aliandika kanuni moja ya kukokotoa maelezo yoyote ya lugha hiyo. Kwake ilikuwa nadharia ya kusomwa. Steve Russell, kijana aliyefanya naye kazi, akaigeuza kuwa programu ya mashine ya IBM 704. Tangu hapo Lisp ikaweza kupokea sentensi moja, kuikokotoa na kurudisha jibu.

Onyesho la awali mbele ya wageni wa viwandani liligeuka kichekesho. Mambo yalikwenda vyema, ingawa polepole, hadi kumbukumbu ya mashine ilipojaa. Sehemu ya Lisp iliyoitwa mzoa taka, kazi yake kukusanya nafasi isiyotumika tena, ikaanza kuchapa ukurasa mzima wa takwimu zake, herufi kumi kwa sekunde. Muda ukaisha. Watazamaji walicheka, wasijue ni mashine au ni mtani fulani.

Wazo la waraka wake lilitimia. Mwaka 1961 Fernando Corbató alionyesha MIT mfumo wa kugawana kompyuta. McCarthy hakukaa kufaidi matunda hayo chuoni hapo, kwani mwaka 1962 alihamia Stanford, huku mpango mkubwa aliousukuma MIT ukisuasua.

Wengine waliendeleza. Warren Teitelman, aliyemaliza uzamivu MIT mwaka 1966, aliweka katika Lisp zana zilizosahihisha tahajia na kutengua amri iliyotolewa kimakosa. Programu ilipokwama haikufa. Ilisimama, mwandishi akachungulia ndani, akarekebisha na kuendelea. Kwa aliyezoea kadi, hiyo ilikuwa neema.

Mei 1999, programu ya Lisp iliyoongoza kwa siku chache chombo cha anga cha Marekani, Deep Space 1, ilikwama mamilioni ya kilomita kutoka duniani. Wahandisi waliihoji kutoka mbali hadi wakaitambua hitilafu.

McCarthy, aliyetunukiwa Tuzo ya Turing mwaka 1971, alifariki dunia nyumbani kwake Stanford Oktoba 24, 2011, akiwa na umri wa miaka 84.