Muindi Mbingu: Kijana aliyeidai serikali ng'ombe wa watu

Ukipita Sultan Hamud kwenye barabara ya Mombasa, huwezi kukosa kuona ng'ombe. Wengine wako malishoni, wengine wanapelekwa mnadani Emali. Sasa hebu fikiria askari wanakuja, wanawahesabu wa babako, wanachukua wanaotaka na kuwauza kwa bei wanayoamua wao. Utafanya nini?

Swali hilo lilimkuta Samuel Muindi Mbingu wa Ngelani, Machakos, mwaka 1938. Siku hizo Sultan Hamud nayo ilikuwa ndani ya wilaya ya Machakos.

Serikali ya Mwingereza ilisema mifugo ya Wakamba imezidi na inamaliza udongo. Mmomonyoko ulikuwepo kweli. Lakini haikutaja kwamba walowezi walikuwa wamechukua ardhi nzuri, kama ile ya vilima vya Mua, na kuwabana wenyeji. Tena kiwanda cha nyama cha Liebig's kilikuwa kimefunguliwa Athi River, na kilihitaji ng'ombe wa bei rahisi. Zaidi ya ng'ombe 2,000 wakachukuliwa kwa nguvu.

Ng'ombe, usisahau, ndiye aliyekuwa benki ya familia. Ndiye mahari, ndiye akiba ya mwaka wa njaa.

Muindi na wenzake wa Ukamba Members Association hawakushika silaha. Julai 1938 waliongoza maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake na watoto, hadi Nairobi, safari ya kilomita 60 hivi. Walipiga kambi Kariokor, wakasema hawaondoki mpaka wamwone Gavana Brooke-Popham. Wiki zikapita. Serikali ikaingiwa na wasiwasi, maana Wakamba walikuwa wengi katika jeshi na polisi. Mwishowe gavana akaenda mwenyewe kuwasikiliza Machakos.

Kabla mwaka kuisha, kuuza mifugo kwa lazima kukasitishwa. Wananchi walishinda. Muindi je? Alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu, mbali na kwao, akakaa huko miaka. Alirudi baadaye, na mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, akauawa.

Leo kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 kinasema serikali ikichukua mali yako kwa manufaa ya umma, lazima ikulipe fidia ya haki, yote, bila kukuzungusha. Kwa hiyo ukisikia barabara au reli inapita kwenye shamba la nyanyako, usikae kimya ukidhani serikali haidaiwi. Kusanya karatasi zako, ungana na majirani, nendeni mkadai.

Na siku ukienda City Market jijini, tazama jina la barabara iliyo mbele yake. Ndiye yeye. Miaka ya Lamu hakuna aliyemlipa.