Muindi Mbingu, Aliyehamishiwa Lamu

Ndugu zetu wa Lamu, huenda wazee wenu walipata kumwona Mkamba mmoja aliyeletwa mjini kwenu mwaka 1938 kwa amri ya serikali ya Kiingereza, akakatazwa kurejea kwao bara. Ndiye Samuel Muindi Mbingu, na kosa lake kubwa lilikuwa kuwaketisha watu chini.

Alikuwa mtu wa Machakos, wilaya ambayo zamani ilishika na nchi ya Wote na Makueni yote, mpaka ilipotengwa mwaka 1992. Serikali ilisema ng'ombe wa Wakamba wamezidi na udongo unachukuliwa na mvua. Udongo ulikuwa ukichukuliwa kweli, hilo hatulikatai. Lakini malisho yalikuwa yamebanwa na mashamba ya wazungu, na ng'ombe ndiye mahari na akiba ya mwaka wa njaa. Wakatwaliwa kwa nguvu, wakauzwa kwa bei duni, na kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa tayari Athi River.

Hapo palikuwa na hatari kubwa. Askari wengi wa polisi na wa KAR walikuwa Wakamba, na baadhi ya machifu walisimama upande wa serikali. Lau mkuki mmoja ungalirushwa, Mkamba angalimwua Mkamba. Muindi na wenziwe wa chama cha Ukamba Members Association wakachagua njia nyingine. Julai 1938 maelfu ya watu, wanawake na watoto wao pamoja, wakaenda Nairobi, wakapiga kambi Kariokor kwa majuma kadhaa, wakitaka neno moja tu: kusema na Gavana. Agosti, Gavana Brooke-Popham akaenda Machakos kuwahutubia. Muindi alikuwa amewaapisha watu kwa kiapo cha mila. Kiapo kile hatukisifu, twasifu kule kuketi.

Akakamatwa, akaletwa Lamu. Na kabla mwaka haujaisha, serikali ikaacha kuwatwaa ng'ombe kwa nguvu. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikawafungulia Wakamba pori la mbung'o la Makueni wakae, jambo ambalo kwetu sisi ni kukiri ya kuwa shida ilikuwa ardhi.

Muindi alirudi kwao, lakini hakuuona uhuru. Njia ipitayo mbele ya Soko la Jiji, Nairobi, yaitwa kwa jina lake. Wapwani waendao kusali Jamia hupita karibu nayo, pengine wasijue kuwa mwenye jina aliwahi kuwa jirani yao.