Johann Martin Schleyer (1831–1912)

Kasisi Mkatoliki wa Ujerumani na mwasisi wa Volapük, lugha ya kuundwa aliyoitangaza mwaka 1879. Alizaliwa Oberlauda, akahudumu parokiani Litzelstetten karibu na Konstanz, akikusudia kuwapa wanadamu wote lugha moja. Katika kuteua sauti, aliiepuka r kadiri alivyoweza, akiamini kuwa Wachina, watoto na wazee huitamka kwa shida. Lakini alizihifadhi irabu ä, ö na ü za Kijerumani, zilizo ngeni kwa wasemaji wa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Hivyo maneno ya Kiingereza yenye maana ya dunia na kusema yakageuka kuwa vol na pük, yasitambulike hata na Waingereza wenyewe. Hata hivyo Volapük ilienea haraka, na mkutano wa Paris wa mwaka 1889 uliendeshwa kwa lugha hiyo. Wafuasi wakiongozwa na Auguste Kerckhoffs walitaka irekebishwe. Schleyer akashikilia kuwa uamuzi wa mwisho ni wake. Harakati ikasambaratika, wengi wakahamia Kiesperanto. Arie de Jong alipoisanifu upya mwaka 1931, r ilirejeshwa katika maneno kadhaa, miaka 19 baada ya Schleyer kufariki.